Nani Anaongoza Hilo Bao?

Chukua hadithi fupi za vijana wenzetu, zile zinazozunguka kwenye madaftari kabla ya kumpata mchapaji. Ukifika ukurasa wa pili au wa tatu utawakuta: wazee, mwembe, kahawa, na bao. Shujaa anapita, anawaamkia, anakwenda zake mjini kubangaiza. Nani alikuwa anaongoza? Nani kaliwa? Mwandishi hasemi, na nina wasiwasi kwamba hakutazama.

Sililii mila hapa. Bao ni ufundi, bwana, na ufundi wenyewe ndio unaokosekana ndani ya hadithi hizo hizo.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji 32. Unaanza na kete 22 mkononi. 10 zako zimeshapangwa, sita kati yake zikiwa ndani ya nyumba. Katika namua unaingiza kete moja moja. Zikiisha mkononi, mnaingia mtaji. Sasa sikiliza sheria moja ambayo wapita njia hawaijui: ukiwa na nafasi ya kula, lazima ule. Hutaki, utakula tu. Kwa hiyo fundi hahangaiki kumzuia mwenzake asile. Anampikia. Anamwachia kete tatu nono pale mbele, jamaa anakula kwa lazima, kete zinamzungusha mpaka zinalala pabaya, na zamu inayofuata nyumba yake inaondoka. Nyumba ikishaondoka haiwi nyumba tena, hata ulijaze shimo lile kete 20.

Linganisha na riwaya zetu za kujaribu. Msichana anafukuzwa kwao kwa kuwa mwandishi anamtaka mjini. Jambazi anakamatwa kwa kuwa karatasi zimekwisha. Hakuna aliyelazimishwa na hatua yake mwenyewe ya juzi. Hakuna aliyekula kitu kitamu ambacho kitamponza kurasa arobaini mbele.

Kaa kijiweni Magomeni, au Ng'ambo kule Unguja, utazame. Fundi hahesabu kwa kidole. Anatupa jicho, anajua shimo lina ngapi, zitaishia wapi akienda kushoto, wapi akienda kulia. Kuna fundi cherehani mmoja, mchezaji mkali, ambaye mteja akimletea kitambaa hasemi bei kwanza. Anauliza: shughuli ni lini? Kisha anarudi nyuma siku kwa siku mpaka leo, ndipo anakubali kazi au anaikataa. Anaanzia shimo la mwisho. Halafu kuna maneno. Watazamaji watakukejeli wewe, mkono wako na ukoo wako, na huku unatakiwa uhesabu bila kupandisha sauti. Kijana aliyepita hapo, mhariri atamfanya nini?

Wapo wanaotaka kuvuka mpaka. Wanamtaja Mwalimu Nyerere, ambaye kweli alilipenda bao, ati mchezo huu ndio shule ya uongozi. Hapo nasita. Wapo mafundi wa bao wanaodaiwa kodi ya miezi mitatu, na watoto wao wanasubiri unga mpaka saa tatu usiku. Bao litakupa jicho la kuona hatua kadhaa mbele. Ukilitumia barazani tu, shauri yako.

Mabwana wa zamani hawakupita tu njiani. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa karne ya 19, ana shairi la bao. Mwaka 1995 Mholanzi Alex de Voogt alitoa tasnifu nzima huko Leiden juu ya mafundi wa bao, baada ya kukaa nao Unguja. Mgeni kavuka bahari akaketi chini kutazama. Sisi tuliozaliwa nyumba ya tatu kutoka barazani tunaandika mstari mmoja na kuendelea na safari.

Jambo jingine: baraza nyingi bado ni za wanaume. Sasa mfikirie dada anayeuza vitumbua pembeni, mwaka wa nne huu, macho yake yako juu ya kete. Anajua nani ataliwa kabla ya wachezaji wenyewe, na hakuna anayemwuliza. Hadithi yake sijaisoma bado.