Takhmisa kwa Magitaa: Bendi ya Kékélé na Suala la Mwangwi katika Rumba ya Kongo

Nchini Kenya neno "Lingala" halitaji lugha pekee. Kwa wasikilizaji wengi ni jina la muziki wenyewe: magitaa yanayojibizana, sauti nyembamba za waimbaji, na dansi. Hadhira imeupa muziki jina la lugha ambayo aghalabu haielewi. Jambo hili limezoeleka mno hata halishangazi, lakini linamlazimu mhakiki kuuliza ni kitu gani hasa kinachopendwa mtu anaposema anaipenda bendi ya kigeni. Swali huzidi uzito pale bendi hiyo inapokuwa yenyewe ni mwangwi wa mtindo uliotangulia. Kékélé ni mfano wa bendi ya namna hiyo, na mapenzi ya wafuasi wake yanastahili kutetewa.

Bendi hii iliundwa Paris mwaka 2000 na wanamuziki wa Kongo waliokuwa na majina makubwa tayari. Ilitoa albamu tatu kupitia kampuni ya Sterns ya London: Rumba Congo (2001), Congo Life (2003) na Kinavana (2006). Jina lake ni la mmea utambaao ambao nyuzi zake husokotwa kamba. Waimbaji wake walikuwa pamoja na Nyboma, Wuta Mayi, Bumba Massa na Loko Massengo. Miongoni mwa wapiga gitaa walikuwamo Syran Mbenza na Papa Noel. Wengi wao walikwisha kupitia bendi kubwa: Wuta Mayi alikuwa OK Jazz ya Franco, naye Nyboma alitamba na Bella Bella na Lipua Lipua.

Tuhuma inayotolewa mara kwa mara dhidi ya bendi za aina hii ni kwamba zinahifadhi badala ya kubuni. Kwamba ni wazee wanaoukumbuka ujana wao, na msikilizaji naye anaukumbuka wake. Tuhuma hiyo haizingatii tarehe. Mtindo ambao Kékélé inaurejelea ni ule uliostawi Léopoldville na Brazzaville katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, enzi ya African Jazz ya Joseph Kabasele na OK Jazz iliyoanzishwa mwaka 1956. Papa Noel, aliyezaliwa mwaka 1940, aliianza kazi yake katika enzi hiyo. Nyboma na Syran Mbenza walikuwa watoto. Ujana wao wa kisanaa ulikuwa mwingine kabisa: katika miaka ya 1980 wao wawili, pamoja na Wuta Mayi na Bopol Mansiamina, ndio waliokuwa Les Quatre Étoiles, mojawapo ya bendi zilizoieneza soukous ya Paris duniani.

Soukous hiyo ilikuwa na mantiki yake. Katika rumba ya awali, wimbo hujengwa polepole: beti huimbwa, hadithi husimuliwa, malalamiko ya mapenzi hutolewa, ndipo magitaa yanapopewa nafasi katika sebene. Mjini Paris mpangilio huo ulipinduliwa. Kanda Bongo Man aliisogeza sebene karibu na mwanzo wa wimbo. Kasi ikaongezwa, na mara nyingi ngoma za mashine zikachukua nafasi ya mpigaji. Mchezaji alipata raha, lakini ubeti ulipungukiwa. Kwa lugha ya wanafasihi, fani iliimeza simulizi.

Kwa hiyo Kékélé ilipopunguza mwendo, ilikuwa ikiihakiki kazi ya wanachama wake wenyewe. Magitaa makavu yalirudi mbele, na kodiani ikarejeshwa, ala ambayo Camille Feruzi aliwahi kuipa hadhi kubwa nchini Kongo kabla ya gitaa la umeme kuitawala rumba. (Msikilizaji wa Kenya aliyelelewa na mwomboko hahitaji kuelezwa kodiani inaweza kufanya nini.) La muhimu zaidi, ubeti ulirudishiwa muda wake. Sauti ya Nyboma, iliyokuwa ikipaa juu ya kishindo, hapa inasikika ikiwa imezungukwa na nafasi, na mikwaruzo ya umri haikufichwa. Rumba ya 1956 haikuweza kuwa na kitu hicho, kwa sababu waliokuwa wakiiimba walikuwa vijana. Mwangwi huu una jambo ambalo sauti ya kwanza haikuwa nalo.

Ushairi wa Kiswahili unalo jina la uhusiano wa namna hii. Katika takhmisa, mshairi huchukua mishororo miwili ya mtangulizi wake na kuitangulizia mitatu yake mwenyewe, mpaka ukapatikana ubeti wa mishororo mitano. Ndivyo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alivyoufanyia utungo unaohusishwa na Liyongo. Mpangilio wake una ajabu ndogo: aliyekuja baadaye husikika kwanza, na wa kale huja kana kwamba anamjibu. Mipya hufungwa na kina cha ya kale, lakini maana ya ya kale hutegemea yaliyotangulizwa. Hakuna anayeiita takhmisa makumbusho.

Kinavana ndiyo takhmisa ya Kékélé iliyo wazi zaidi. Jina lenyewe limeunganisha Kinshasa na Havana, na albamu imejengwa juu ya muziki wa Guillermo Portabales (1911-1970), mwimbaji wa guajira wa Kuba, ambao umevishwa maneno ya Kilingala. Hapa mduara ni mrefu. Sahani za muziki wa Kuba za mfululizo wa GV ziliwafikia Wakongo tangu miaka ya 1930, nao wakazisikia kama jambo la nyumbani lililosafiri na kurudi. Waliupenda muziki wa kigeni kwa lugha wasiyoielewa, wakaugeuza rumba yao. Mkenya anayeipenda Kékélé bila kujua Kilingala anarudia kitendo kilekile kilichoizaa rumba yenyewe.

Haifai hata hivyo kulifumbia macho soko. Albamu ya Buena Vista Social Club (1997) ilikwisha kuonyesha kwamba wasikilizaji wa Ulaya na Marekani watawanunua wazee wenye magitaa, na Kékélé ilifuata miaka mitatu baadaye. Kuna nyakati, hasa katika Kinavana, ambapo upambaji umekuwa laini kupita kiasi, na sebene inaonekana kuogopa kumwagia mtu kinywaji. Rumba Congo ina ukavu unaoifaa zaidi, nayo ndiyo inayopaswa kusikilizwa kwanza.

Lakini soko la London halielezi mapenzi ya Nairobi. Hadhira hiyo ilikwisha kufunzwa na Wakongo waliohamia mjini humo: Baba Gaston, Les Mangelepa iliyozaliwa mwaka 1976, na Super Mazembe, ambayo "Kasongo" yake ya Kilingala inaimbwa na watu wasiojua maana ya mistari yake. Mwishoni mwa mwaka 2024 jina hilo la Kasongo lilitwaliwa na wananchi likawa jina la utani la kisiasa, matumizi ambayo watunzi wake wasingeweza kuyakisia. Hadhira isiyoelewa maneno haikukaa kimya. Ilitunga maana yake.

Kikwazo kimoja kimebaki, nacho ni cha istilahi. Muziki wa zamani huitwa nchini Kenya "zilizopendwa", kitenzi cha kutendwa, katika wakati uliopita. Mtindo wa Kékélé unafaa kabisa chini ya jina hilo. Nyimbo za Kinavana, zilizotoka mwaka 2006, hazikuwapo kupendwa wakati huo.