Neno "Hela": Tukosoe Nini?

Wapo ndugu wanaodai neno "hela" litupwe kwa kuwa ni la mkoloni. Ni kweli, asili yake ni Heller, sarafu ndogo iliyopata jina kwa mji wa Hall, Ujerumani. Kuanzia 1904, hela 100 zilifanya rupia moja. Mwaka 1916, vita vilipowabana, Wajerumani walifua hela pale Tabora, zenye herufi T. Lakini mkulima wa Choma hakunyonywa na neno. Alinyonywa na kodi iliyomlazimisha kuuza jasho lake. Neno amelitwaa, akaliita fedha yote. La kung'olewa ni fikra kwamba hela ndiyo msingi wa maendeleo. Azimio la Arusha liliikataa mwaka 1967.