Fundi wa Kubana Video

Ukitoka Kilosa mjini kwenda Mikumi unapita mahali paitwapo Ulaya, na huko, kama vijijini kwingi sasa, harusi haijaisha mpaka ifike kwenye simu. Ndugu walioko Dar es Salaam wanaisubiri, na bando lao ni la kuhesabu. Kamera imetoa gigabaiti kadhaa. Hapo ndipo anapohitajika fundi wa kubana video, ambaye mimi namheshimu kuliko hata aliyeshika kamera.

Kazi yake ni kuamua kipi kitupwe. Hesabu haina siri: dakika 10 kwa kilobiti 800 kwa sekunde ni megabaiti 60, kwa kilobiti 300 ni 22 na nusu. Ugumu ni kujua pa kupunguza. Mfumo wa H.264, uliotoka mwaka 2003 na unaosomeka karibu kwenye kila simu, huhifadhi picha moja kamili, kisha kwa zinazofuata huandika kilichobadilika tu. Mzee aliyetulia kitini akitoa nasaha hali biti nyingi. Lakini wakiingia kina mama na ngoma, kanga za maua na nukta zinapepea, vumbi linatimka, kila pembe ya picha inabadilika kwa mpigo mmoja. Biti zikipungua hapo, kanga inakuwa viraka vya mraba, na uso wa bibi harusi unayeyukia kwenye shela.

Fundi hodari hukitazama kipande hicho tena na tena. Hubana hotuba ili ngoma ipate nafasi. Hushusha picha kutoka mistari 1080 hadi 360, maana kwenye kioo cha simu picha ndogo iliyo safi inapendeza kuliko kubwa iliyochujuka. Sauti haikamui sana. Vigelegele vikikwaruza, mtazamaji huzima.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Ile orodha inayoielekeza simu kila picha iko wapi mara nyingi huandikwa mkiani mwa faili. Fundi huileta mbele, video ianze kucheza huku sehemu iliyobaki ikiendelea kushuka. Pasipo hivyo, mama mwenye mtandao dhaifu anaweza kukaa akitazama kiduara kinazunguka tu.

Mwisho anazima Wi-Fi, anaifungua video kwa simu ya bei ya chini. Ikikwama kwenye ngoma, anaibana upya.