Sauti ya Pili: Muundo wa Uongozi wa Dkt. Ali Mohamed Shein

Maisha ya kiongozi, yakishatoka madarakani, husomeka kama utungo uliokamilika: yana mwanzo, msuko, mahali pa kuvuta pumzi na kituo. Ya Dkt. Ali Mohamed Shein, Rais wa Zanzibar kuanzia mwaka 2010 hadi 2020, mara nyingi husomwa haraka na kuwekwa kando, kwa kuwa fani yake haipigi kelele. Hamna ndani yake hotuba ya kuwasha uwanja mzima, wala kisa cha kishujaa cha kusimuliwa barazani. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba upole ule ni mbinu ya utunzi, na kwamba mbinu hiyo ina sharti lake: hufikia ukamilifu pale tu inapopata sauti ya pili ya kujibizana nayo.

Mbinu hiyo ilifinyangwa mbali na siasa. Mzaliwa wa Chokocho, kusini mwa Pemba, mwaka 1948, Shein alisoma Voronezh na Odessa enzi za Usovieti, kisha akapata shahada ya uzamivu katika biokemia ya tiba huko Newcastle, Uingereza, na kazi yake katika Wizara ya Afya ya Zanzibar ikawa ya maabara. Tuitazame kazi hiyo kwa karibu, maana ndiyo sarufi ya yote yaliyofuata. Daktari wa wodini humshika mgonjwa mkono na kumuuliza amelalaje. Mtaalamu wa maabara huletewa kichupa cha damu chenye jina na namba, hukipima kwa kipimo kilekile alichowapimia wengine, huandika majibu, kisha humwachia mwenzake uamuzi wa dawa. Mgonjwa hamjui, wala hahitaji kumjua. Heshima yake yote imo katika usahihi wa majibu.

Alipoingia serikalini mwaka 1995, aliingia kama Naibu Waziri wa Afya, na cheo hicho cha kwanza kikawa kina kilichojirudia. Mwaka 2001 alipofariki Makamu wa Rais wa Muungano, Dkt. Omar Ali Juma, Mpemba mwenzake aliyekuwa daktari wa mifugo, Shein ndiye aliyeitwa kuijaza nafasi, akaishika chini ya Benjamin Mkapa na baadaye chini ya Jakaya Kikwete. Mtindo huu nitauita unaibu: ustadi wa kukamilisha sentensi iliyoanzwa na mwingine pasipo kuivunja mizani yake. Si unyonge, kama vile kiitikio cha shairi kisivyokuwa kinyonge kwa kuwa kimekuja nyuma ya ubeti.

Msomaji wa Bagamoyo ana sababu ya pekee ya kuliona hili. Mwaka 2005 wapiga kura wa pwani hii waliletewa karatasi yenye majina mawili kwa pamoja: Kikwete wa Msoga, kijana wa wilaya yao, na Shein wa Chokocho. Katiba ya Muungano ndiyo inayoamuru umbo hilo, kwamba mgombea akitoka bara, mwenza wake atoke visiwani, au kinyume chake. Mwenye sikio la ushairi ataitambua kanuni hiyo mara moja: ni mshororo wenye ukwapi na utao, vipande viwili vyenye vina tofauti lakini pumzi moja. Kwa mji ambao katika karne ya 19 uliishi kwa kuzipokea bidhaa za misafara na kuzivusha hadi Unguja, umbo hilo halikuwa geni hata kidogo; pwani na kisiwa vilikwishazoea kumaliziana kauli.

Ubeti mkuu wa utungo huu ni mwaka 2010. Maridhiano ya Novemba 2009 kati ya Rais Amani Karume na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, kura ya maoni ya Julai 2010 na mabadiliko ya Katiba ya Zanzibar yaliyofuata vilikuwa vimeandaa serikali ya umoja wa kitaifa kabla mwandishi wake mkuu hajapatikana. Oktoba 31, Shein alipata kura 179,809, na Maalim Seif 176,338. Tofauti ya kura 3,471 ni nyembamba mno kwa mtu atakaye kutawala peke yake, lakini kwa muundo uliokuwa ukisubiri ilikuwa ndiyo hasa iliyofaa. Maalim Seif akawa Makamu wa Kwanza wa Rais, Balozi Seif Ali Iddi akawa wa Pili, na Rais akakaa kati ya Seif wawili, mmoja wa upinzani na mmoja wa chama chake. Hapo unaibu ulipanda hadi kiti cha juu bila kubadilika tabia: aliyezoea kuitikia sasa alitakiwa kuongoza kwa kusikiliza, na muundo wenyewe ulimpa wa kumsikiliza.

Kisha utungo unakatika katikati. Tarehe 28 Oktoba 2015, siku tatu baada ya watu kupiga kura, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, aliufuta uchaguzi wote. CUF, chama cha Maalim Seif kilichokuwa kimedai ushindi, kikasusia marudio ya Machi 20, 2016, na Shein akatangazwa mshindi kwa asilimia 91.4. Kwa idadi, huu ni ushindi mnene. Kwa fani, ni ubeti uliopoteza utao wake. Katiba ilimtaka Makamu wa Kwanza atoke chama kilichopata angalau asilimia kumi, na hapakuwa na chama kingine kilichofika hapo, hivyo kiti kikabaki wazi hadi 2020. Kiongozi mwenye sauti kubwa angeweza kuujaza uwazi huo kwa haiba yake. Shein hakuwa na kifaa hicho, na upole ulioonekana hekima pembeni mwa Maalim Seif sasa ulisikika kama ukimya mtupu.

Hata hivyo, kipindi hicho cha pili kina mshororo mmoja uliosimama imara. Aprili 2016, majuma machache baada ya marudio, ilianza Pensheni Jamii: kila mkaazi wa Zanzibar aliyefikisha miaka 70 alipwe shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuulizwa alifanya kazi gani wala alichangia mfuko upi. Kigezo kilikuwa umri na ukaazi tu. Mzee wa Pemba aliyesusia kura mwezi Machi alikuwa na haki ileile ya kupanga foleni na yule aliyepiga. Huu ni mkono wa maabara: kipimo kimoja kwa vichupa vyote. Pale mpinzani alipokosekana mezani, kanuni isiyochagua jina iliisimamia nafasi yake, japo kwa sehemu ndogo.

Novemba 2020 urais ulikwenda kwa Dkt. Hussein Ali Mwinyi, daktari wa tiba, baada ya uchaguzi ambao nao ulilalamikiwa vikali. Mwezi uliofuata Maalim Seif alirudi katika kiti cha Makamu wa Kwanza, na alipofariki Februari 2021 kikakaliwa na Othman Masoud Othman. Basi umbo lile la 2010 limethibitika kuwa pana kuliko mtu yeyote aliyelikalia. Thamani ya Shein kama mtunzi imo katika kuonyesha, kwa miaka mitano mfululizo, jinsi linavyosikika likiimbwa kwa sauti mbili. Na udhaifu wa miaka iliyobaki unatufundisha kwamba upole wa kiongozi hautoshi kuibeba Zanzibar, mpaka mshindani wake awe na mahali halali pa kumjibu.