Kambi Zilizojengwa Upya kwa Masikio

Mwaka 2018 kundi la wanawake wa Kenya na Uingereza lilianzisha makumbusho yasiyo na jumba, kazi yake ikiwa kuueleza ukoloni wa Mwingereza kwa ukweli. Mmoja wao ni Mkenya Chao Tayiana Maina, mtaalamu wa urithi wa kidijitali. Walichokifanya kwa kambi za kuwazuilia wafuasi wa Mau Mau ni ufundi ambao ningependa vijana wa kwetu Kiminini waufahamu hatua kwa hatua: walizijenga upya ndani ya kompyuta.

Walianza na nyaraka, na nyaraka zina mapengo. Waingereza walichoma majalada mengi kabla ya uhuru wa 1963, mengine wakayaficha Hanslope Park, Uingereza, hadi kesi ya wazee wa Mau Mau ilipoyafichua mwaka 2011. Ikabidi kwenda Nyeri, ambako kambi za Mweru na Aguthi siku hizi ni shule za sekondari, kutazama kuta zilizosalia na kuwasikiliza wazee waliopitia kambi hizo.

Hapo pana ugumu wote wa kazi. Kumbukumbu ya mfungwa imejaa njaa, viboko na majina ya wenzake, vipimo haina. Msikilizaji hukaa naye, huuliza tena kwa upole, hulinganisha maneno yake na ramani na ukuta uliobaki, mpaka ajue seng'enge ilipita wapi na mlango ulitazama wapi. Lisilothibitika lisichorwe. Uvumilivu huo nauheshimu kuliko kompyuta yenyewe, kwa kuwa kijana aliyepitia kazi hiyo hahitaji kubembelezwa apende historia.

Kwetu kazi ipo tele. Ukishika barabara kutoka Kiminini kuelekea Webuye utafika chini ya kilima cha Chetambe, ambako Wabukusu walijihami ndani ya ngome ya udongo mwaka 1895 dhidi ya jeshi la Mwingereza Hobley. Mashahidi wa vita hivyo hawapo tena; wamebaki wajukuu na vitukuu wenye masimulizi waliyorithi.

Malakisi ni tofauti: huko huenda mashahidi wangalipo. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi waumini wa Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde, wakawaua, kisha serikali ikapiga marufuku dini hiyo. Aliyekuwa mtoto wa miaka minane siku ile sasa amepita themanini, na huenda anaota jua uani kwake bila mtu wa kumuuliza.

Walimu wa historia wa Kiminini, Kimilili na Malakisi, anzeni na huyo. Wapeni wanafunzi daftari, simu ya kurekodia na kamba ya kupimia, wamwombe mzee ruhusa, wamsikilize mpaka amalize. Kuchora kutafuata. Na kazi ikikamilika, Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974, hayako mbali.