Mikono Kwanza, Kidonda Baadaye

Utumbo mpana ukishafunguliwa, vijidudu vya haja kubwa vinakuwa jirani wa ngozi iliyochanwa. Kazi ya muuguzi ni kuvinyima njia. Nikitaka kujua kama wodi inaiweza kazi hiyo, natazama mikono kabla ya kidonda.

Muuguzi aliyeiva huandaa toroli lote kabla ya kumsogelea mgonjwa. Anayekimbilia kabatini mara tatu huku mshono uko wazi bado anajifunza. Mikono huoshwa kwa sabuni na maji kwa sekunde 40 hadi 60, au husuguliwa kwa kitakasa chenye spiriti kwa sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke. Kuvaa glavu hakuondoi hatua hiyo. Nimeona glavu zikivuta pazia, zikasogeza kitanda, kisha zikashika gozi. Inaniuma kila mara, maana glavu hizo zinamlinda aliyezivaa peke yake. Hata chumba cha upasuaji kina somo hili: utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliofanyika katika nchi saba ikiwemo Rwanda, ulionyesha kuwa kubadilisha glavu na vifaa kabla ya kufunga tumbo kulipunguza maambukizi kutoka asilimia 18.9 hadi 16.

Kisha kuna kujizuia. Bandeji ambayo mgonjwa ametoka nayo chumba cha upasuaji, ikiwa kavu na imeshika, huachwa kwa saa 48 hivi. Ndugu huhangaika: "Sista, mbona leo hamjamfunga kidonda?" Muuguzi mzuri hujibu kwa upole, "Mama, kimefungwa vizuri. Tukikifungua bila sababu tunavikaribisha vijidudu."

Mtihani mkubwa ni mgonjwa aliyewekewa tundu la haja tumboni, sentimita chache kutoka kwenye mshono. Mshono husafishwa na kufunikwa kwanza, tundu hufuata. Kila gozi hupita mara moja, hutupwa. Kitako cha mfuko unaopokea haja hukatwa kulingana na ukubwa wa tundu, na mfuko humwagwa ukifika theluthi moja. Nikikuta mifuko imevimba asubuhi, najua zamu ya usiku ilikuwaje.

Maandalizi kabla ya upasuaji nayataja kwa ufupi: mgonjwa aoge kwa sabuni, na tumbo lisinyolewe kwa wembe, kwa kuwa mikwaruzo yake ni milango.

Maambukizi mengi hujitokeza baada ya siku ya nne au ya tano. Vitabu vinasema tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Hapo muuguzi hodari hutumia mgongo wa mkono safi kupima joto pembeni mwa mshono, hutafuta ugumu na ngozi inayong'aa, na huuliza kama maumivu yaliyopungua yamerudi. Na kwa kuwa usaha unaweza kuanza mgonjwa akiwa kwake, hata ndani ya siku 30, hamruhusu kuondoka mpaka amsikie akizitaja dalili hizo kwa maneno yake mwenyewe.