Galaxy S III: Samsung Ilimtupa Jongoo na Mti Wake

Galaxy Nexus ilipotoka mwishoni mwa 2011 ikitumia itifaki ya MTP badala ya USB Mass Storage, Google ilikuwa na hoja nzito. Simu ile haikuwa na nafasi ya kadi, na hifadhi ya ndani ilikuwa moja kwa programu na faili za mwenye simu. Mass Storage huikabidhi kompyuta diski nzima, bloku kwa bloku, na diski moja haiendeshwi na mifumo miwili kwa wakati mmoja. MTP ilieleweka.

Kisha mwaka 2012 ikaja Galaxy S III, na hapa hakuna cha kutetea. Simu ilikuwa na nafasi ya microSD. Kadi ile inachomolewa kwa ukucha, ikiwekwa kwenye kisoma kadi Linux inaifungua bila swali. Lakini ikibaki ndani ya simu na simu ikaunganishwa kwa waya, kadi hiyohiyo inapitishiwa MTP. Kwenye kompyuta, /dev/sdb haionekani ng'o. Kwa nini? Kuilinda hifadhi ya ndani si sababu ya kuifungia kadi. Menyu ya kuchagua tu ingetosha.

Waliolipa ni watumiaji wa Linux. MTP ni itifaki ya Microsoft, iliyojengwa juu ya PTP ya kamera, na ndiyo iliyowekwa kati ya simu yenye keneli ya Linux na kompyuta yenye keneli ya Linux! Ni kazi moja kwa wakati mmoja: faili kubwa ikinakiliwa, folda nyingine zinasubiri. MTP ya kawaida haina hata amri ya kuandika katikati ya faili. Google ililazimika kujiongezea za kwake. Na programu mbili za kompyuta zikigombea simu moja, ya pili inaambulia kosa.

Ni kweli, kwa upande wa Linux maktaba ya libmtp imefanya kazi nzuri, na mfumo wa faili wa gvfs ukapata MTP yake mwaka 2013.

Lakini menyu ya kuchagua haikuwa jambo geni: Nokia N900 ya 2009 iliuliza mara tu waya ulipoingia: Mass Storage au la? Ukikubali, simu inakuwa flashi, rsync inafanya kazi yake, unachomoa.

Mwenye folda nzito leo asihangaike na dirisha la MTP. Awashe USB debugging, kisha aandike: adb pull /sdcard/DCIM.